Aliyenawa wa Mwisho

Skola mwanangu,

Umelifunga sanduku lako la bati kwa kamba ya katani, ukalifungua, ukalifunga tena. Mara ya tatu ndipo ukaenda kulala. Barua hii nitaipenyeza humo ndani, chini ya kanga ya marehemu mama yako, ile ambayo najua hutaivaa wala hutaiacha. Utaikuta ukishafika chuoni, au kwenye treni, kama uvumilivu wako ni ule ule ninaoujua. Vyovyote vile utakuwa mbali, nami nitakuwa nimeyakwepa macho yako. Usinicheke. Kuna watu wanaogopa chui, mimi naogopa kutazamwa na mtu niliyemkosea.

Shangazi yako Perpetua amekuagiza mambo tangu juzi mpaka nikakuhurumia. Nauli uifunge wapi, stesheni usimjibu nani, chumvi usimkopeshe nani. Mimi sitaongeza hata moja. Nina neno langu moja tu, nimelikalia miaka sita, na kila nilipotaka kulitoa nilijitafutia kazi ya kufanya nje.

Mama yako hakulishwa sumu na Mama Odeta. Tulia, usome tena polepole. Mama yako aliuawa na dawa ya kahawa, ile niliyokuwa napuliza mimi, na Mama Odeta ndiye mtu pekee aliyenionya.

Najua unavyolichukia jina hilo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika mama yako, na mpaka leo mtu akimtaja yule mkimbizi unatema mate chini. Chuki hiyo sikukukataza. Ilinifaa, maana muda wote uliokuwa unamchukia yeye hukuwa na nafasi ya kuniuliza mimi.

Sasa unakwenda kusomea kilimo, urudi bibi shamba. Barua ya chuo ilipokuja niliwanunulia watu rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaongea kwa sauti kubwa, halafu ukanikuta nyuma ya nyumba nikifuta macho. Ulidhani ni furaha. Ilikuwa furaha kweli, ila nilikuwa naogopa pia. Watakukabidhi bomba la kupulizia na makopo yenye alama ya fuvu, na wewe ni mtoto uliyelelewa nyumbani kwangu, unanawa baada ya wakubwa.

Tulipohamishwa kutoka kule kwetu juu na kupangwa mistari kijijini, shamba la kahawa likawa la wote. Bwana shamba akaja kwa pikipiki, akatuonyesha bomba kwa muda mfupi, mvua ikaanza, akaondoka. Akatuachia makopo ya dawa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Mwenyekiti akauliza nani anajua kusoma. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, na Kiingereza changu kilikuwa kuhesabu mpaka ishirini. Nikanyoosha mkono. Nikaishika ile karatasi, nikatembeza macho toka juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, nikasema, "Ni maelezo ya kawaida tu." Watu wakaondoka wamefurahi kwamba kijiji kina msomi. Andrea, mwenzangu wa kazi, akaniuliza lile fuvu kwenye kopo maana yake nini. Nikamwambia ndivyo wadudu watakavyokuwa tukishawapulizia. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Nisikufiche, nilipenda sana kazi ile. Sikuwahi kuwa na cheo maishani. Nikipita na bomba mgongoni, watoto wanakimbia nyuma yangu, na wewe mbele yao wote, na wanawake wananisimamia njiani, "Mwidiwe, bwana dawa." Nilikuwa natembea polepole makusudi ili nisalimiwe zaidi.

Tulikuwa watatu: mimi, Andrea na Tadeo. Mchana mama yako alituletea ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na maji ya kunawa kwenye bakuli la bati, lile la bluu lililobanduka ukingoni. Bakuli moja tu, maana kijito kiko chini bondeni na kupandisha maji mpaka pale ni kazi ya kuvunja kiuno. Nilinawa mimi kwanza kwa kuwa ni mkubwa wao, akafuata Andrea, akafuata Tadeo, na mama yako akanawa wa mwisho. Ndivyo tulivyolelewa sisi Waha, na wewe ndivyo tulivyokulea. Maji yalipomfikia yeye yalikuwa yameshakuwa meupe, yananuka kitunguu saumu kilichooza. Alitumbukiza mikono humo, akasugua, akakaa kula. Kama angedai maji yake peke yake tungesema ana kiburi.

Akaanza kuumwa kichwa kila baada ya chakula. Mate yanamjaa, macho yanaona ukungu. Nikamwambia amechoka. Akaendelea kulalamika, nikamwambia pengine ana mimba. Akanitazama, akasema, "Baba Skola, mimba gani hiyo inayopona Jumapili?" Jumapili tulikuwa hatupulizi. Unaona, mwanangu? Aliligundua mwenyewe, mwanamke ambaye hakukanyaga shule hata siku moja. Akaniwekea mkononi, nami nikacheka nikasema ameshakuwa daktari.

Mama Odeta alikuwa amekuja mwaka uliotangulia, alipovuka kutoka Burundi na mtoto wake mmoja na mkeka. Mume wake alikuwa amekufa. Alipewa kibanja pale pembeni, akawa anapika rubisi na kuwauzia wapita njia. Unakumbuka alivyokuwa akimpa mtu kibuyu: kwanza anavuta yeye kwa mrija, mbele ya macho yako, ujue hakuna kitu ndani, ndipo anakukabidhi. Hata sisi ndiyo desturi yetu, ila yeye hakuiruka hata kwa mtu aliyemzoea.

Siku moja alipita shambani na mtungi kichwani akatukuta tunanawa. Akasimama. Akautua mtungi.

"Baba Skola," akasema, "umuti huo, dawa hiyo, kule iwacu, kwetu Burundi, tuliuona. Mume wangu alikuwa anawapulizia watu kahawa. Msinawe pamoja. Huyu anayenawa mwisho ndiye atakufa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mke wangu anawe kwanza, mimi mwanamume nimfuate?"

"Oya, hapana! Kila mtu na maji yake. Na hayo muyamwage mbali, hata kuku asiyanywe. Mume wangu alianza hivi hivi, mate na macho."

Andrea akasema hawa wakimbizi wanakuja na mambo. Tukacheka tena, maana siku zile kicheko kilikuwa karibu. Mama yako hakucheka. Alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba. Jioni ile akaniomba tuwe na mabakuli mawili. Nikamjibu kwamba akitaka kupanda mlima na maji mara mbili ni shauri yake.

Siku yenyewe nimeipitia kichwani mara nyingi mno, kwa hiyo nitaiandika upesi. Kopo lilikuwa jipya, kifuniko kimekaza, nikakibetua kwa ncha ya panga. Dawa ikaruka, ile kali ambayo bado haijatiwa maji, ikanilowesha shati na mikono. Nikavua shati, nikanawa kwenye bakuli, nikajisugua mikono na tumbo. Andrea na Tadeo wakanawa baada yangu. Shati nikamrushia mama yako nikamwambia, "Lifue sasa hivi, lisiharibike." Lilikuwa shati langu pekee la kaki, lile lililonifanya nionekane mtu wa serikali. Maji mengine hayakuwapo. Akalifulia kwenye maji yale yale, na mikono yake ilikuwa na michubuko ya jembe. Alifua vizuri kama alivyofua siku zote, akasugua kola, akalianika juu ya mbuni.

Hatujamaliza hata kula, jasho likaanza kumtoka kama mtu aliyenyeshewa. Mate yakawa yanamtoka, misuli ya mikono inachezacheza yenyewe. Akasema giza limeingia, na jua lilikuwa utosini. Nilimfunua macho nikaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Tulimbeba kwa machela kwenda zahanati, tukipokezana, nami nilikuwa nakimbia kifua wazi. Alikufa kabla hatujavuka mto. Wewe ulikuwa shuleni.

Usiku ule mimi pia nilitapika. Watu walinishika mabega wakasema ni uchungu wa kufiwa.

Baada ya maziko kikaitishwa kikao. Mtu mmoja akasimama akasema yule Mrundi alikwisha kutabiri, na kila mtu akageuka kumtazama Mama Odeta. Mwenyekiti akaniuliza, "Filipo, ni kweli alisema hivyo?" Nilisimama, mwanangu. Maneno yote nilikuwa nayo kinywani. Nilijua aliposimama, nilijua mtungi aliuweka wapi, nilikumbuka habari ya kuku. Nikasema, "Ndiyo. Alisema mke wangu atakufa." Nikakaa.

Akapiga kelele, "Baba Skola, sema yote! Sema maji! Sema maji!" Nikatazama vidole vya miguu yangu. Ningeyataja maji, wangeniuliza nani aliyesoma karatasi, na nani aliyerusha shati. Wakamgeukia yeye. Wakamuuliza, kama hukumlisha wewe, dalili umezijuaje? Akajibu kwamba alizijua kwa sababu zilimuua mume wake. Wakasema, basi na huyo ulimuua wewe.

Walivunja mitungi yake yote. Aliondoka mvua ikinyesha, mkeka kichwani, Odeta akimfuata nyuma. Wewe na Odeta mlikuwa mnakaa dawati moja. Ulimrushia jiwe likampata kisigino. Nilikuona ukiliokota, nikakuona ukilirusha, na sikukuzuia. Mambo mengi nimejisamehe kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, lakini hilo limenishinda.

Utaniuliza, nilijuaje kwa hakika. Msimu uliofuata Andrea akaanguka. Mate, jasho, mboni zile zile. Safari hii sikusubiri. Nikapata lori la watu waliokuwa wanatoka Manyovu na magunia, nikampakia, nikachukua na kopo la dawa mkononi, sijui ni nani aliyenituma kulichukua. Kule Kasulu hospitali daktari hakuniuliza amekula kwa nani. Aliniuliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Alipokufa mama yako tuliuliza kila kitu, alikula kwa nani, aligombana na nani, nani alimwonea wivu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza siku ile alikuwa anafanya kazi gani.

Nikampa kopo. Andrea alipokwisha kuchomwa sindano akatulia, daktari akalisoma, akanieleza kwa Kiswahili. Usile kazini. Nawa kwa sabuni na maji mengi. Nguo iliyomwagikiwa isiguswe kwa mikono mitupu. Mboni zikisinyaa mkimbize mgonjwa hospitali pamoja na kopo. Nilikuwa nimesimama pale kama mtoto anayesomewa makosa yake. Maneno hayo yote yalikuwa kwenye karatasi niliyoitikisia kichwa.

Nilirudi kijijini nikatangaza, kwa sauti ya bwana dawa, kwamba kuna agizo kutoka wilayani, kila mpulizaji na maji yake, na kila mmoja na sabuni. Walitii, na tangu hapo hakuna aliyekufa. Nikasifiwa. Unauona ujanja wangu? Niliichukua elimu ya yule mama nikaivalisha kofia ya wilaya, nikaokoa mikono ya watu, yeye nikamwacha na jina la mchawi. Bomba nikalirudisha nikasema mgongo unaniuma. Mgongo wangu ni mzima mpaka leo.

Sina uso wa kukufundisha, kwa hiyo nitakuomba tu. Huko uendako mtakutana na dawa mpya ambazo hata walimu wenu bado hawajazijua vizuri. Ukipewa karatasi usiyoielewa, sema huielewi, hata kama darasa zima linatikisa kichwa. Na ukifika kijiji cha watu, usiishie kwa wenye mabomba, maana hao watajivuna kama mimi. Mtafute anayewaletea chakula na anayefua mashati. Mwulize Jumapili anajisikiaje. Atakuambia mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kopo lolote, na akikuambia, mwamini, kisha uwaambie wengine kwamba ni yeye aliyesema. Umtaje jina, Skola.

Wiki iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda Kibondo kutafuta mbegu za muhogo. Sikwenda kutafuta mbegu. Nilikuwa nimesikia kwamba Mama Odeta analima upande wa Busunzu. Nilimkuta akimenya muhogo mlangoni, nywele zote nyeupe. Odeta ameolewa, ana watoto wawili. Alinitambua kabla sijasalimu. Nikasema, "Mwakeye." Akaitikia, akaendelea kumenya.

Nilimweleza yote nimesimama. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Skola, kwangu hukuniletea kitu nisichokijua. Maneno hayo kayaseme kule ulikosemea yale ya kwanza." Kwa hiyo Jumamosi hii, kikao kikikaa, nitasimama. Watanifanya watakavyonifanya. Nimengoja uondoke kwanza, ili usiwepo wakinicheka, na huo pia ni uoga, naujua.

Nilidhani atanifukuza. Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha rubisi na mrija. Akakaa mbele yangu, akauinamia, akavuta. Nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamwambia, "Mama, kwangu usionje. Nakuomba usionje." Akavuta tena, funda kubwa, akameza nikimwona, ndipo akanipa.

"Naonja," akasema, "usije ukasema tena."

Nilikunywa nikilia, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunibembeleza, wala hakusema amenisamehe. Nilipokuwa nainuka, naye amekwisha kurudia kumenya, ndipo akauliza habari zako. Nikamwambia umekuwa mkubwa, unakwenda kusomea mambo ya mashamba, dawa na kila kitu. Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Mtoto yule," akasema, "siku hizi ananawa wapi?"

Nikamjibu kwamba unanawa peke yako, kwa maji safi na sabuni. Nilimdanganya, Skola. Jioni niliyofika nyumbani ulinishikia bakuli, nikanawa mimi, akanawa shangazi yako, na wewe ukatumbukiza mikono kwenye maji yetu. Leo tena umefanya vile vile kwa heshima yako yote, nami nikakutazama nisiseme kitu, kwa sababu ningesema ningelazimika kusema yote.

Yule mama alinisikia, akashusha pumzi, akaendelea kumenya muhogo wake. Aliniamini. Nakuomba, mwanangu, huko uendako ufanye nilichomwambia kiwe kweli.

Baba yako,
Filipo